Uzi Nyuma ya Sikio

Ambwene alikuwa anamenya ndizi za mchana alipomuuliza mama yake swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuliuliza pale Tukuyu tangu Miaka ya Moshi.

"Mama, siku ile walipochoma ofisi ya chama, mjomba Andongwisye akiwa ndani, Mungu alikuwa upande wa nani?"

Tusekile alikuwa anakata vitunguu. Jibu lilimjia kabla hajaweka kisu chini. "Mungu hana upande, mwanangu. Alikuwa analia na wote."

"Hilo umelifikiria wewe?"

"Sasa nani mwingine?"

"Mchungaji alisema hivyohivyo Jumapili. Nikamuuliza Mzee Athumani, naye akasema hivyohivyo, na yeye haendi kanisani. Maneno yaleyale, mama. Hata kulia kumo."

Tusekile alijaribu kulitazama lile jibu ajue lilianzia wapi. Ilikuwa kama kukumbuka dakika uliyopatwa na usingizi. Jibu lilikuwepo tu, zuri, limeshatulia. Akachukua kitunguu kingine.

"Maliza hizo ndizi," alisema.

Binti huyo alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na minne. Watoto wote walipofika umri huo walitiwa uzi, muda mfupi kabla ya kipaimara kwa Wakristo, na kabla ya kila mmoja kuruhusiwa kushiriki Siku ya Kuridhia, siku ambayo nchi nzima ilibonyeza jina moja la kiongozi lililokuwa kwenye kioo cha mashine. Pale mjini, aliyewatia uzi watoto hao alikuwa Tusekile mwenyewe.

Uzi ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Uliingizwa kwa sindano nyuma ya sikio la kushoto, na ukishapita ngozi ulijitafutia njia hadi kwenye ubongo. Haukusoma mawazo ya mtu. Wataalamu waliapa hivyo na ilikuwa kweli. Ulichosikia ni mkwamo tu. Mtu akifikia wazo la dini au la utawala likamgomea, likaanza kumkwaruza ndani, uzi ulihisi mkwaruzo ule na kumfungulia njia ya karibu zaidi ya kutokea. Mtu hakuhisi kwamba amesukumwa. Alihisi ameelewa.

Na ulikuwa umeleta amani. Hilo halikuwa uongo. Tusekile alikuwa msichana mdogo wakati watu wa Rungwe walipochomeana nyumba za ibada na ofisi za vyama, majirani kwa majirani, mpaka ukungu wa mlimani na moshi wa mijini vikawa kitu kimoja. Andongwisye, kaka yake wa pekee, alifia kwenye ofisi hiyo pamoja na vijana wenzake. Mafuta ya taa yaliyomwagwa mlangoni yalibebwa na Athumani Mbukwa, ambaye alikiri mwenyewe mbele ya Baraza la Mwafaka kipindi cha maridhiano. Kisha watu wakatiwa nyuzi, waliochoma na waliochomewa, na tangu hapo hakuna aliyekufa kwa sababu ya dini wala chama. Siku hizi Athumani alikuwa jirani yao. Alipanda juu ya paa la Tusekile kuziba lilipovuja, naye Tusekile alimpelekea maziwa.

* * *

Siku ya Ambwene ilipofika, Dakta Lugano, mkuu wa kituo cha afya, alikuja mwenyewe kumsalimia binti kwenye chumba cha nyuzi.

"Leo mama anamhudumia wa kwake," alisema. "Dada Tusekile, ukitaka nimwite mwingine afanye, usione aibu."

"Nitafanya mwenyewe, Dakta."

Dakta alipotoka, Ambwene alilala kifudifudi, shavu la kulia kwenye mto. Tusekile alimfuta nyuma ya sikio kwa pamba yenye spiriti.

"Mama, nikishatiwa, nitaendelea kuuliza?"

"Utauliza ukitaka."

"Nitataka?"

Tusekile aliitupa ile pamba. Alikuwa amewatia nyuzi watoto wengi mno kujidanganya. Waliingia wakiwa na wasiwasi, wengine wakibisha, wengine wakisema juu ya Mungu mambo ambayo wazazi wao wangezimia kuyasikia, na baada ya siku chache walirudi kuangaliwa wakiwa na adabu na macho matulivu. Wazazi walishukuru. Naye alikuwa amefurahi pamoja nao, kila mara.

Lakini huyu ndiye aliyemjazia nyumba maneno tangu baba yake alipofariki. Asubuhi alianza kuuliza kabla hajanawa uso. Tusekile alipofikiria nyumba ile bila maswali, kitu kilimbana kifuani, na uzi wake haukukigusa. Kwa akili yake lile lilikuwa jambo la nyumbani, la mama na mtoto, na kwa mambo ya nyumbani uzi haukuwa na la kusema.

Kwenye droo kulikuwa na nyuzi mbovu zilizosubiri kuteketezwa. Zilionekana kwenye mashine ya ukaguzi kama nyuzi nyingine, ila hazikuwa na uhai. Alichukua mmoja, akauweka kwenye sindano, mkono ukiwa imara kama siku zote.

"Ukiulizwa," alimnong'oneza, "sema unajisikia vizuri. Na maswali yako uniulize mimi, nyumbani tu. Umenielewa?"

Ambwene alifumbua jicho moja akamtazama. "Nimeelewa, mama."

* * *

Ambwene hakuishia kuuliza nyumbani tu. Alivumilia mpaka kipaimara kikapita, kisha akaanza.

Kwanza alimuuliza Mchungaji, baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje wakisalimiana chini ya miavuli. Alitaka kujua kama sala inayokuja yenyewe mdomoni ni sala. Mchungaji alitabasamu, akamwambia kwamba Bwana hupokea yote, akamuuliza habari za shule.

Kisha ukaja mkutano wa mtaa kabla ya Siku ya Kuridhia. Mwenyekiti alisoma jina, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuwahi kutokea mwenye neno. Ambwene alisimama, sketi ya shule imelowa pindoni, akasema, "Mimi nina swali. Kama jina ni moja na sote tunalikubali, tunakwenda kubonyeza nini?"

Tusekile alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alijiandaa kuvutwa, kupigiwa kelele, kuona watu wakiinuka. Watu hawakuinuka. Walimgeukia Ambwene kwa upole, wakaitikia kwa vichwa kama watu wanaomsikiliza mtoto akiimba.

"Ni swali zuri," alisema mwenyekiti. "Asante, binti. Tuendelee na suala la mfereji."

"Lakini hujanijibu."

"Ndiyo," alisema mwenyekiti kwa ukarimu, na akaendelea na mfereji.

Ambwene alibaki amesimama. Aliwaangalia mmojammoja, akitafuta uso uliokunjamana hata kidogo. Mzee Athumani, aliyekaa karibu naye, alimvuta mkono taratibu ili akae, akampa karanga.

Njiani kurudi nyumbani walipita mashamba ya chai, ambako mashine za kuchumia zilikuwa zinaruka karibu na majani bila mtu.

"Nilidhani watanipiga," alisema Ambwene. "Nilikuwa nimejiandaa, mama. Kumbe hawakasiriki. Ni kama nimesimama shimoni naita, na wao wako juu wanapita, wananipungia mkono."

"Ni bora kuliko kupigwa."

"Wewe ulipigwa, mama? Mtu akikupiga, si anakuwa amekusikia?"

Tusekile alimwambia asiseme mambo ya kipumbavu.

* * *

Ombi lenyewe lilikuja Jumamosi moja baada ya kufua. Ambwene alikaa mkabala na mama yake, mikono imebanwa katikati ya magoti.

"Zima uzi wako," alisema. "Mchana mmoja tu. Sitaki unikubalie. Hata ukinipinga sawa. Nataka tu mtu wa kubishana naye."

Tusekile alikuwa na kalamu ya majaribio, ile waliyotumia kituoni kulaza nyuzi wakati wa ukaguzi. Kuichukua nyumbani lilikuwa kosa kubwa, lakini hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angetaka. Aliiweka nyuma ya sikio mpaka ikatetema.

Kwanza hakuhisi lolote. Alisikia mvua kwenye mabati, maji yakijaa kwenye pipa. Ambwene alimsogelea.

"Haya, mama. Siku ile ya ofisi. Mungu alikuwa wapi?"

Jibu halikuja. Tusekile alilingoja, kama mtu anayeshusha mguu akitarajia ngazi ambayo haipo. Mahali pale ambapo kwa miaka yote lilikuwa limekaa jibu, palikuwa na mlango unaoungua. Alimsikia Andongwisye. Alikuwa amesahau kwamba alimsikia, kwamba siku ile alikuwa ameshikwa na shangazi yao ng'ambo ya barabara, na kwamba kaka yake alikuwa anaita majina ya nyumbani, lake likiwemo.

"Mama?" alisema Ambwene. "Sema chochote."

Tusekile alisimama. Alitoka bila mwavuli, akakatiza bustani, akaingia uani kwa Mzee Athumani, ambaye alikuwa amekaa barazani akichambua maharage.

"Karibu, Mama Ambwene. Mvua yote hii?"

Kwa miaka mingi alikuwa amemwamkia mzee huyu kila asubuhi. Safari hii shikamoo haikutoka.

"Ulimsikia?" aliuliza. "Ulipokuwa unamwaga mafuta, ulimsikia akiniita?"

"Nani?"

"Andongwisye. Kaka yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa na zamu ya kupika chai mle ndani, chama chenyewe hakukijua vizuri. Ulimsikia?"

Mzee Athumani aliweka ungo pembeni. Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nilimsikia," alisema. "Walikuwa wanaita wote. Yalikuwa mambo mabaya, Mama Ambwene. Yamepita, na sote tumesameheana."

"Mimi sijakusamehe."

"Umenisamehe," alisema taratibu, kama anamkumbusha mtu mahali alipoweka funguo. "Ulinipa mkono mbele ya Baraza."

Tusekile alimkamata ukosi wa shati. Athumani alikuwa mwepesi, mzee sana, na Tusekile alijua kwamba akimsukuma kutoka kwenye ukingo ule wa baraza atavunjika. Alitaka avunjike. Lakini zaidi ya hapo alitaka aumie usoni, atetemeke, aseme neno moja linalotoka mahali panapouma. Alimtikisa. Mzee alimwachia amtikise. Macho yake yalikuwa matulivu, na Tusekile akaona kwamba mtu huyu hajawahi kujuta hata siku moja, si kwa ukatili, ila kwa sababu kila majuto yalipoanza kumkwaruza, uzi ulimfungulia njia. Na uzi ule Tusekile mwenyewe ndiye aliyemtia upya, miaka mitatu nyuma, wa kwanza ulipochakaa.

Alimwachia. Alirudi nyumbani analia kwa sauti. Ambwene alikuwa mlangoni.

"Mama, kaa nami. Hicho ndicho nilichotaka, niambie unavyo..."

"Nilitaka kumuua," alisema Tusekile. "Umesikia? Hiyo ndiyo akili yangu mwenyewe. Ndiyo uliyokuwa unaitafuta."

"Pengine haiishii hapo. Pengine ni mwanzo tu. Subiri kidogo, mama, tafadhali."

Tusekile hakusubiri. Alichukua kalamu, akaiweka nyuma ya sikio, na kabla mtetemo haujaisha mlango ule ulikuwa umefungwa na nyuma yake kulikuwa kimya. Mungu hana upande. Alishusha pumzi. Alimwona binti yake akiwa amekaa sakafuni, akamuuliza kama ameanua nguo.

* * *

Ambwene aliacha kuuliza polepole, jinsi mtu anavyoacha kula. Alikwenda shule, akarudi. Kanisani alifungua mdomo nyimbo zilipoimbwa. Wenzake walimpenda na yeye hakuwa na la kuwaambia, maana walipofika kwenye jambo lolote lenye uzito walipita juu yake kwa pamoja, wakacheka upande wa pili, na yeye akabaki huku. Alikonda. Tusekile alimtengenezea supu, akamnunulia viatu, akampeleka kwa Dakta Lugano, ambaye alisema ni umri.

Siku moja binti aliingia kwenye chumba cha nyuzi saa za kazi na kujilaza kitandani bila kuambiwa.

"Nitie," alisema.

"Nikutie nini?"

"Unajua. Ule mzima."

Tusekile alifunga mlango. "Ulisema hutaki."

"Sikusema sitaki. Niliuliza kama nitaendelea kuuliza." Alikuwa anaongea na ukuta. "Nimefikiri mambo mengi sana, mama. Mengine nahisi ni kweli, mengine nahisi nimekosea, lakini sina namna ya kujua, kwa sababu hakuna wa kuniambia umekosea hapa. Nikisema Mungu yupo wanaitikia. Nikisema hayupo wanaitikia. Nimeanza kuona kama hata mimi sipo. Nimechoka kuongea peke yangu."

"Mimi nipo."

Ambwene aligeuza kichwa. Hakuwa na hasira. "Ulikuwepo mchana mmoja," alisema. "Ulikuwepo kweli. Ukaondoka."

Tusekile angeweza kuitoa kalamu mfukoni wakati ule. Ilikuwemo. Baadaye alijua kwamba huo ndio ulikuwa wakati wenyewe. Lakini alikumbuka jinsi yeye alivyomkamata mzee ukosi, ingawa sasa kumbukumbu hiyo haikuwa na moto, ilikuwa kama habari iliyosomwa, na alichobaki nacho ni hofu ya mikono yake. Alivuta droo akatoa uzi mzima. Alimfuta binti yake kwa pamba yenye spiriti, akavuta ule mbovu, akaingiza mwingine. Ambwene alilishika pindo la koti lake la kazi muda wote, na kisha vidole vikalegea.

* * *

Binti alinenepa. Alipata marafiki, akajiunga na kwaya, akawa anacheka jikoni. Tusekile alikuwa amemponya mtoto, kwa namna ambayo majirani waliona, wakampongeza.

Ila nyumba ilikuwa kimya. Mambo ya nyumbani uzi haukuyagusa, na kwa hiyo kimya kile kilimuuma vilevile asubuhi na jioni, kikamla, bila njia ya kutokea. Siku ya Kuridhia walikwenda pamoja wakabonyeza, Ambwene kwa mara ya kwanza. Waliporudi, Tusekile aliingia chumbani kwake, akakaa kitandani, akatoa kalamu, akaulaza uzi wake, na safari hii hakupanga kuuwasha tena.

Mlango ulikuwa palepale, unaungua. Aliuacha uungue. Alimsikia kaka yake akimwita, akabaki amekaa, akasikia hasira ikimpanda hadi kwenye meno, na alipokuwa amevumilia vya kutosha aligundua kwamba binti yake alikuwa amesema kweli: haikuishia pale. Nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine, chembamba, ambacho hakikuwa na maneno ya Mchungaji wala ya Baraza. Alitoka kwenda kumwambia.

Ambwene alikuwa sebuleni, anashona kola ya joho la kwaya.

"Nimezima," alisema Tusekile. "Niulize sasa."

"Nikuulize nini, mama?"

"Lolote. Habari za Mungu. Habari za Baraza. Mimi nadhani..." Hakuwa amezoea neno hilo, akalirudia. "Mimi nadhani amani hii tumeinunua kwa kitu ambacho hakikuwa chetu kuuza. Nadhani Mzee Athumani tumemdhulumu kuliko tulivyomsamehe, tumemnyang'anya kujuta. Na Mungu, mimi sijui, mwanangu. Sijui kama yupo. Lakini kama yupo, nadhani angependelea nimkasirikie kuliko nimwitikie. Ubishi mmoja tu nipe. Niambie nimekosea."

Ambwene aliweka sindano kwenye kitambaa, akaja akamshika mama yake paji la uso kwa kiganja, kama anavyopimwa mtoto.

"Unatetemeka," alisema.

"Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza?"

"Nakumbuka. Nilikuwa nauliza sana."

"Jibu ulilipata?"

"Lilikuja lenyewe," alisema Ambwene, na tabasamu lake lilikuwa zuri, la mtu aliyelala vizuri. Alimkalisha mama yake kwenye kiti, akamfunika khanga mabegani, akaenda jikoni. Tusekile alimsikia akiweka maji ya chai na akiongea na mtu kwa simu, kwa sauti ya chini, ya heshima. Alisikia akisema shikamoo. Alisikia jina lake likitajwa.

"Dakta Lugano anakuja kukuona," Ambwene alisema aliporudi. "Usiogope, mama. Anasema ni dakika chache tu, hata haiumi."

"Najua haiumi. Ni mimi niliyekuwa nawafanyia watu."

"Basi." Alimbusu kwenye nywele, akarudi kuangalia chai.

Kituo hakikuwa mbali. Tusekile alifikiria kukimbia, akafikiria mahali pa kukimbilia, na hapakuwa na nyumba hata moja bondeni kote ambayo isingempokea kwa ukarimu na kumpigia simu Dakta Lugano. Gari liliunguruma chini barabarani, likaanza kupanda kilima. Alifunga macho, akaanza kufikiri haraka, hili na hili na hili, kama mtu anayeanua nguo kambani huku mvua imeshafika kwa jirani.